Bunduki Moja na Mapanga Mia Nne ya Lubao

Hotuba ya Kamishna Cleophas Makhanu, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Upokonyaji wa Silaha kwa Hiari, aliyoitoa kwa raia waliokusanywa kwenye uwanja wa soko la mifugo, Lubao, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, katika mwaka ule ambao bei ya sukari ilipanda hadi watu wakapanda miwa mpaka mlangoni mwa choo.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye hakuweza kufika na amemtuma Mheshimiwa Naibu wake, ambaye naye hakuweza kufika lakini ametuma kofia yake, ambayo mnaiona pale kwenye kiti cha mbele. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Maalumu, na Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Ndogo inayoichunguza Kamati Maalumu, ambao kwa sababu za kubana matumizi ni watu wale wale. Machifu na manaibu wa machifu. Wachungaji wa makanisa yote yaliyosajiliwa. Wenyeviti wa vyama vya wakulima wa miwa, mlio kazini na mliosimamishwa. Wapigaji wa ngoma ya isukuti, ambao chuma chenu cha kugongea kiko salama mikononi mwetu. Akina mama mlioketi kwenye nyasi kwa unyenyekevu wa kupendeza. Na ninyi wananchi wa kawaida, ambao nawataja mwisho kwa sababu mko wengi mno: hamjambo?

(Mtu mmoja anakohoa.)

Narudia, kwa mujibu wa utaratibu: hamjambo?

(Sauti kutoka nyuma: "Tuko na shida!")

Asante sana. Karani wangu, Bwana Phineas, andika kwamba wananchi wamejibu.

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, furaha ambayo katika kazi yangu huja mara moja kwa kila robo ya mwaka, kuwaarifu kwamba Operesheni Mkono Mtupu, ambayo niliibuni mwenyewe, nikaipendekeza mwenyewe, nikaijadili kwa kina na mwenyewe, na hatimaye nikaipitisha bila kupingwa, imefikia lengo lake kwa asilimia mia moja. Nasema mia moja. Kuna wenzangu katika tarafa nyingine, sitawataja, ambao wamefika sitini na wakaomba kupandishwa cheo. Mimi nimefika mia na sijaomba chochote, isipokuwa ile barua niliyoandika Jumatatu.

(Makofi kutoka safu ya mbele, walipoketi wajumbe wa Kamati.)

Tulianza na bunduki. Agizo lilikuwa wazi: bunduki zote zilizo mikononi mwa raia wa Lubao zisalimishwe. Tukafanya uchunguzi wa kisayansi, nyumba kwa nyumba, dari kwa dari, tukachoma chuma ndani ya magunia ya mahindi, tukapindua magodoro, tukamwinua hata bibi mmoja mgonjwa ili tuone alikuwa amelalia nini, na baada ya siku kumi na moja tukawa tumezipata bunduki zote za Lubao. Ilikuwa moja. Ni gobore la Mzee Shikanga, huyu hapa, aliloachiwa na baba yake, na ambalo kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa akilitumia kufukuza nyani wanaotoka msituni kumlia mahindi.

(Mzee Shikanga, bila kusimama: "Hata hailianga hiyo, bwana mkubwa. Kifyatuo kilianguka kabla mtoto wangu wa kwanza azaliwe. Mimi nilikuwa nainua tu, halafu nasema 'puu' kwa mdomo." Kicheko.)

Mzee, umejitia hatiani kwa kinywa chako. Mtu anayeweza kumkimbiza nyani kwa bunduki isiyolia, siku akipata inayolia atamkimbiza nani? Hilo ndilo swali ambalo Kamati ilijiuliza, ikakosa usingizi.

Lakini, wananchi, bunduki moja si idadi ya kupeleka makao makuu. Fomu ya ripoti ina safu sita, na bunduki moja inajaza safu moja, tena kwa kuandika herufi kubwa. Ndipo Kamati, chini ya uongozi wangu shupavu, ikakaa kikao cha dharura kilichochukua siku mbili na mbuzi wawili, ikapanua maana ya neno silaha ili liende na wakati, na kuanzia siku hiyo silaha ni kitu chochote ambacho mtu mwenye hasira anaweza kukishika. Kwa maana hiyo mpya na ya kisasa, tuligundua kwa mshtuko mkubwa kwamba Lubao nzima ilikuwa imejihami mpaka meno. Tulikuta mishale. Tulikuta mikuki miwili, mmoja ukitumiwa kuegemeza mlango wa banda la kuku. Tulikuta mashoka, na visu katika kila jikoni bila kukosa, jambo linaloonyesha mpango wa pamoja.

(Mama mmoja: "Na ingokho tuichinje na nini, na meno?")

Mama, waraka kuhusu kuku uko njiani. Kwa sasa mle mboga.

Sasa nifike kwenye kilele cha operesheni, ambacho wajukuu wenu watakisoma shuleni. Jana Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa kwenye gari langu pamoja na askari sita, niliona kwa macho yangu haya mawili, ng'ambo ya barabara, kikosi cha wanaume zaidi ya arobaini wakiwa wamejipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka kuliko mstari wa askari wangu. Walikuwa wamevaa matambara. Walikuwa wamejipaka nyuso rangi nyeusi, kuanzia paji la uso mpaka shingoni. Kila mmoja alikuwa na panga. Na mbele yao ardhi yote ilikuwa imeungua, na bado ilikuwa inatoa moshi. Nawauliza, mtu aliyesoma kama mimi, aliyehudhuria kozi ya wiki tatu ya usalama, akiona nyuso zilizopakwa weusi, safu iliyonyooka, mapanga, moto na moshi, aite hiyo nini?

(Sauti nyingi kwa pamoja: "Ni wakata miwa!" Kicheko kirefu. Mwanamume mmoja: "Hayo ni masizi, bwana! Miwa ikichomwa lazima upakike!")

Nimeyasikia maelezo hayo. Yako kwenye faili. Lakini zingatieni kwamba kila jeshi duniani lina maelezo yake. Tuliwazingira, tukawapokonya kwa hiari, na ndani ya dakika ishirini tulikuwa na mapanga arobaini na matatu bila tone la damu, ukiacha kidole cha askari wangu mmoja ambaye hakuwahi kushika panga upande wa mpini. Kutoka hapo tukaenda shamba hadi shamba, na kufikia jioni tulikuwa na mapanga mia nne na kumi na mawili. Safu zote sita za fomu zikajaa. Nikalazimika kuongeza karatasi.

(Makofi kutoka safu ya mbele. Mwanamke mmoja amesimama katikati ya akina mama. Ni Rosebella Nanjala, mjane, ambaye shamba lililokuwa na moshi ni lake.)

Mama, keti. Maswali ni baada ya hotuba, na baada ya hotuba hakuna maswali.

(Rosebella: "Si swali, Kamishna. Ni miwa. Barua yangu ya kukata ilitoka kiwandani Jumatatu, nikachoma majani Jumanne jioni, jinsi kiwanda kinavyotaka. Trekta linakuja kesho. Miwa ikishachomwa haingojangi mtu. Leo inaanza kukauka, na kesho jioni wakiipima na kuona imechacha, wanaimwaga.")

Mama Rosebella, serikali inakusikia.

(Rosebella: "Miezi kumi na minane nimepalilia peke yangu. Mahindi niliyang'oa, kwa sababu ninyi mlikuja hapa hapa mkasema tupande miwa mpaka mlangoni. Sasa sina mahindi, na miwa imelala huko imeungua, na wakataji wamekaa nyumbani kwangu wakiangaliana. Mlango wa jikoni ukifungua unaona masizi tu. Nipe mapanga ya siku moja. Hata ishirini.")

(Sauti za akina mama: "Mpe! Mpe!")

Naguswa sana. Mnaona naguswa. Lakini mapanga ya siku moja ni mlango wa mapanga ya siku mbili, na mimi siwezi kubomoa asilimia mia moja kwa ajili ya ekari mbili. Takwimu ni kitu cha taifa zima, mama. Miwa ni yako peke yako.

(Miguno. Rosebella anabaki amesimama. Kando yake anasimama mwalimu wa historia wa shule ya upili, Nehemiah Wanyama, akiwa ameshika kofia yake kifuani.)

Naam, Mwalimu Nehemiah. Nilijua utasimama. Bwana Phineas, andika saa.

(Mwalimu Nehemiah: "Mheshimiwa, naomba kufundishwa tu. Wanafunzi wangu wameniuliza kama ni kweli kwamba madikteta katika historia huanza kwa kuwapokonya raia silaha. Niliwaambia nitauliza mtu mwenye uzoefu." Kicheko.)

Hilo ni swali zuri, Mwalimu, na nimelijibu katika mikutano mikubwa kuliko huu. Kwanza kabisa, mimi si dikteta. Dikteta huja bila taarifa, ilhali mimi nilitoa taarifa ya dakika ishirini, kwa kipaza sauti. Pili, ukisoma historia kama nilivyoisoma, utakuta nchi nyingi za watu wastaarabu ambako bunduki huandikishwa, watu hupewa leseni, na bado raia wanapiga kura na kuwatukana mawaziri wao magazetini. Kwa hivyo kuhesabu bunduki peke yake hakumfanyi mtu kuwa dikteta. Umelielewa hilo?

(Mwalimu Nehemiah: "Nimelielewa, Mheshimiwa. Tena nakubaliana nawe.")

Andika hapo kwamba amekubali! Tatu, wako madikteta, Mwalimu, ambao hawakukusanya silaha hata kidogo. Waligawa! Waliwapa vijana wao bunduki na sare na nyimbo. Kwa hivyo wanaosema kwamba dikteta ni yule anayekusanya wamekosea, maana mwingine anagawa.

(Mwalimu Nehemiah: "Na wakoloni, Mheshimiwa? Mzungu wa shamba alikuwa na bunduki ukutani, na babu yetu akikutwa na moja alifungwa.")

Mfano mzuri sana! Ndio, mkoloni alichagua nani awe nazo na nani asiwe nazo.

(Mwalimu Nehemiah: "Basi nikiwaambia wanafunzi kwamba jambo la kuangalia si kama silaha zimekusanywa, ila ni nani ameachiwa zake, na nani anaweza kumuuliza aliyezichukua, nitakuwa nimewapotosha?")

Hata kidogo! Mwalimu, umelieleza vizuri kuliko waraka wangu. Hapo ndipo penye ubora wa Operesheni Mkono Mtupu. Sisi tuna orodha maalumu ya watu wasioguswa. Inaitwa Orodha ya Marafiki wa Maendeleo. Ina majina tisa. Nane ni wajumbe wa Kamati na la tisa ni langu, ingawa nililiandika la kwanza. Hao wamebaki na mapanga yao, mashoka yao, na lile gobore la Mzee Shikanga limekabidhiwa mlinzi wangu, anayezunguka nalo shambani kwangu kwa niaba ya wananchi wote. Na kuhusu ni nani anaweza kuniuliza, unaona mwenyewe kwamba unaniuliza, na mimi nakujibu, na Bwana Phineas anaandika jina lako, la baba yako na la shule yako.

(Mwalimu Nehemiah anavaa kofia yake taratibu. "Asante, Mheshimiwa. Swali limejibiwa." Hakai.)

(Mzee Shikanga: "Mwalimu, na mimi niandikie wanafunzi: bunduki yangu sasa inafukuza watu, nyani wanakula mahindi kwa raha." Kicheko.)

Tulieni. Tulieni, nimefika kwenye maendeleo.

Wananchi, adui zangu wanasambaza uvumi kwamba mapanga yenu yamepotea. Ni uongo. Kila panga limeingia katika Projekti ya Ghala la Amani, jengo la kisasa la vyumba kumi na viwili, lenye sakafu ya saruji, rafu za chuma, taa za umeme na ofisi ya mkurugenzi yenye kapeti, ambamo kila panga litakuwa na namba yake, kadi yake na msumari wake wa kuning'inia. Mkulima akitaka kukata miwa yake atajaza fomu kwa nakala nne, atashuhudiwa na mchungaji na chifu, atasubiri siku kumi na nne za kazi, kisha atapewa panga moja kwa saa mbili chini ya uangalizi wa askari. Huo ndio usalama. Na kwa wale wenye haraka, fezi ya pili ya projekti italeta mashine kutoka ng'ambo, inayokata miwa, kuipakia na kuisindikiza kiwandani, ambayo itafanya kazi ya watu mia tatu kwa siku, na watu hao mia tatu watapata nafasi ya kupumzika kwa maisha yao yote.

(Mwanamume: "Na hiyo mashine itafika kabla ya kesho jioni?" Mwingine: "Mwache, labda inakuja kwa miguu.")

Iko katika hatua ya juu ya matarajio. Tafiti zetu zinaonyesha kwamba kufikia mwisho wa mpango wa miaka mitano, uhalifu wa mapanga Lubao utakuwa umeshuka kutoka visa sifuri kwa mwaka hadi chini ya hapo. Hakuna tarafa nyingine inayoweza kusema hivyo. Hakuna kiongozi mwingine, na nasema kwa unyenyekevu, aliyewahi kuthubutu.

Sasa tunamalizia kwa kauli mbiu, jinsi tulivyowafundisha machifu. Nikisema "Mkono mtupu," mseme "Mkono salama." Mkono mtupu!

(Safu ya mbele: "Mkono salama!" Nyuma: "Sufuria tupu!")

Wapi maendeleo?

(Safu ya mbele: "Yako hapa!" Nyuma: "Yako kwako!")

Vizuri, tunaelekeana. Kabla ya kuketi, ni desturi ya mtu mstaarabu kutoa shukrani, na mimi sipendi kumwacha mtu aliyefanya kazi bila kutajwa, kwa sababu najua uchungu wa kutotajwa. Nawashukuru wajumbe kwa kukubali kila nilichosema hata kabla sijakisema. Namshukuru kontrakta wa Ghala la Amani, ambaye tangu alipwe mwezi wa tatu ametuonyesha heshima kubwa kwa kutotusumbua na tofali hata moja, wala hakutaka kujua kiwanja kiko wapi, jambo lililotuokoa aibu, maana kiwanja hakijawahi kuwapo. Nawashukuru wenye mashine ya ng'ambo, ambao picha yake waliitoa bure, kwenye kalenda.

Na zaidi ya wote, namshukuru mnyapara wangu kwa kujitolea kuyatunza mapanga yenu yote mia nne na kumi na mawili katika banda langu la ng'ombe, shambani kwangu, nusu maili tu kutoka hapa mkishuka kwa njia ya kisima, ambako hayashiki kutu, kwa kuwa tangu jana mchana vibarua wangu wanayatumia kukata miwa yangu kwa bidii. Ni vijana niliowaleta kutoka Likuyani, watu wa mahindi, na nimefurahi kuona hawana ile tabia ya hapa ya kuinama ovyo. Wao wanakata wima, hapa kiunoni, safi kabisa.

(Kelele za mshangao. Mkata miwa mmoja, mikono kichwani: "Kiunoni? Woi! Sukari yote iko chini, wanaiacha shambani!" Mwingine: "Hata mnyapara hajawaambia?")

Mnaona mlivyovutiwa?

(Rosebella Nanjala anafunga leso yake kiunoni. "Asante, Kamishna," anasema. "Tangu jana tulikuwa tunatafuta tu mahali mlipoyaficha." Anawageukia wakata miwa. "Nusu maili, baba zangu. Tukitembea sasa, adhuhuri itatukuta kwenye mstari. Usiku wa leo mtakula kwangu, hata kama ni mboga bila kuku." Wakata miwa wanasimama. Wanasimama na wengine. Hakuna anayekimbia na hakuna anayepiga kelele. Wanashuka kwa njia ya kisima, akina mama mbele.)

Wananchi! Mkutano haujafungwa! Bado kuna kura ya shukrani kutoka kwa Mwenyekiti, ambaye ni mimi, kwenda kwa Mgeni wa Heshima, ambaye nakaimu nafasi yake! Askari, wazuieni!

(Mkuu wa askari: "Kwa kosa gani, bwana? Hawana kitu mikononi.")

Waacheni basi. Waacheni, wameenda kuitazama projekti. Huo ndio ushirikishwaji wa jamii, nilioutaja ukurasa wa tatu.

(Kamishna anaendelea kusoma. Anasoma kuhusu historia ya Kamati, kisha kuhusu elimu yake mwenyewe, kisha kuhusu safari yake ya mafunzo. Wachungaji wanaondoka mmoja mmoja kwa adabu. Mwalimu Nehemiah ameshakunja suruali na kuwafuata wenzake. Jua linafika utosini. Kisha, kutoka ng'ambo ya barabara, upande wa shamba la Rosebella, unasikika mlio mmoja, mkavu. Halafu wa pili. Halafu mingi, mfululizo, pamoja na sauti ya mtu anayewapangia wengine mistari: "Chini, chini kabisa, gusa udongo!")

Kwa hayo machache, nawashukuru nyote kwa kunisikiliza kwa utulivu wa hali ya juu, na natangaza kwamba mkutano huu umefungwa rasmi. Harambee!

(Ng'ambo ya barabara mlio unaendelea.)

Bwana Phineas, umeusikia? Andika kwamba mkutano ulifungwa kwa makofi.

(Karani Phineas: "Bwana, hayo ni mapanga.")

Nimesema andika makofi. Na kama kuna nafasi, ongeza: ya muda mrefu.